Kabla Hujampandisha Mtu Kwenye Boti: Niliyojifunza Kwenye Deviti za Meli Yetu

Meli inaweza kuwa na injini nzima, rada nzima na nyaraka zote mezani, na bado ikakwama gatini kwa sababu ya mikono miwili ya chuma iliyosimama ubavuni imeshika boti. Mabaharia tunaiita deviti: krini ndogo zinazoitoa boti nje ya ubavu wa meli, zikaishusha majini na baadaye kuipandisha. Yaliyotupata sisi hapa Dar es Salaam nayaandika kwa ajili ya wenzangu wanaosimamia meli ndogo za mwambao, hasa aliyekabidhiwa kazi hii kwa mara ya kwanza. Mimi nilipokabidhiwa nilizunguka sana kutafuta mtu wa kunieleza inakwendaje tangu mwanzo hadi cheti, na kila niliyemwuliza alijua kipande chake tu.

Meli yetu ni ya mizigo, umri wake umeshasogea, inakwenda Mtwara na Comoro na mara mojamoja Mombasa. Kila ubavu una boti ya kujiokolea inayoning'inia kwa nyaya mbili, halafu kuna deviti ya mkono mmoja kwa ajili ya boti ndogo ya uokoaji, ile ya kumfuata mtu aliyeanguka baharini. Cheti cha vifaa vya usalama kilikuwa kinakaribia kwisha, na nyaya nazo zilikuwa zinaelekea kutimiza miaka mitano. Kwenye hilo SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, haina mjadala: waya wa kushushia boti haupiti miaka 5, na ukionekana umechakaa unabadilishwa hata kabla. Zamani iliruhusiwa kuugeuza ncha kwa ncha kila miezi 30 ili sehemu inayopinda kwenye kapi isiwe ileile siku zote. Utaratibu huo uliondoka na marekebisho yaliyoanza kutumika Julai 2006, lakini mpaka leo utakutana na watu wazoefu kabisa watakaokwambia, "Geuza tu, utakwenda."

Mvutano ulianzia hapo. Nyaya zilikuwa zinang'aa. Grisi nyeusi ilikuwa imepakwa vizuri kutoka kwenye winchi hadi kwenye kulabu, na mwenye meli alipopanda kuangalia alisema hizi bado zina maisha. Serahangi wetu, mkuu wa mabaharia wa sitahani, mzee aliyekula chumvi nyingi baharini na nchi kavu, hakubishana naye. Alisubiri bosi ashuke ngazi, akaniita.

"Dada, njoo nikuonyeshe kitu."

Akaifuta grisi kwa tambara lenye dizeli, pale juu kabisa ambapo waya unapinda kwenye kapi wakati boti imekaa mahali pake. Akachomeka msumari mnene wa kufumulia kamba katikati ya waya, akausokota kidogo ukafunguka. Ndani palikuwa pakavu kabisa. Unga mwekundu wa kutu ulimwagika kwenye kiganja chake, na nyuzi kadhaa za ndani zilikuwa zimekatika siku nyingi, ncha zake zimelika zikawa nyembamba kama sindano. Nje, sentimita chache tu kutoka pale, waya ulikuwa bado unang'aa.

Nilichokielewa siku ile ni kwamba grisi ikipakwa juu ya waya wenye chumvi inaifungia chumvi ndani. Waya unasuguliwa kwanza kwa brashi ya chuma, unakaushwa, ndipo unapakwa mafuta yenye uwezo wa kupenya hadi kwenye kiini. Na mahali pa kuangalia kwanza ni pale waya usiposogea. Boti inakaa mahali pake wiki hadi wiki, waya umepinda juu ya kapi lilelile, unyevu wa masika unaingia, jua linafuata, na hakuna anayeona. Ukikagua urefu ule tu unaofikika ukiwa umesimama sitahani, hujakagua waya.

Nilimtumia bosi picha ya kile kiganja, pamoja na habari ya Thomson Majesty. Ile ni meli ya watalii. Februari 2013 ilikuwa bandarini La Palma, visiwa vya Canary, wakifanya mazoezi ya kuacha meli. Waya mmoja ulikatika boti ikiwa juu, ikaanguka na watu wake. Mabaharia 5 walikufa na 3 waliumia. Uchunguzi ulikuta waya ule umeliwa na kutu kwa ndani, juu kwenye kapi la kileleni. Ripoti nyingine ya wachunguzi wa ajali za meli wa Uingereza, ya mwaka 2001, iliangalia miaka kumi ya ajali za boti hizi na kukuta mabaharia 12 wamekufa katika mazoezi na majaribio. Kifaa cha kuokoa watu kilikuwa kimeua mabaharia wazoefu, tena bandarini na mchana kweupe. Jioni ile bosi alipiga simu akasema tununue nyaya. Nampongeza kwa hilo, kwa sababu mwezi ule mzigo haukuwa mzuri.

Kununua nako kuna mambo. Usiingie dukani ukaulizia waya wa unene fulani tu. Fanya hesabu kwanza. Boti yetu ikiwa na watu wote na vifaa inakaribia tani 3. Inashikwa na nyaya mbili, kwa hiyo kila mmoja unabeba tani moja na nusu. Kanuni inataka waya uwe na nguvu mara 6 ya mzigo wake mkubwa kabisa, maana yake kila waya usikatike chini ya tani 9. Hiyo ni hesabu ya haraka ya kukulinda dukani. Namba ya mwisho ichukue kwenye kitabu cha mtengenezaji wa deviti, maana kuna uzito wa vyuma vya kuning'inizia na namna waya unavyopita kwenye makapi. Angalia pia boti yako ilihesabiwa kwa watu wa uzito gani. Za zamani kama yetu zilichukua kilo 75 kwa mtu. Za meli za mizigo zinazotengenezwa siku hizi huchukua kilo 82.5.

Jambo la pili ni aina. Waya wa kushushia boti unatakiwa uwe usiojisokota ukibebeshwa mzigo, tena unaostahimili kutu. Muuzaji wa kwanza tuliyempata mtaa wa Gerezani, hapa Dar, alikuwa na waya mzuri sana wa krini za ujenzi, unene uleule, bei karibu nusu. Aliapa kuwa ni ileile. Waya wa aina ile ukiubebesha mzigo, unazunguka, na kulabu inazunguka nao. Sasa mfikirie kijana aliyesimama kwenye boti inayoruka na mawimbi, anajaribu kuikamata kulabu inayozunguka mbele ya uso wake. Nilimwomba cheti. Aliniletea nakala iliyofifia, na namba iliyokuwa juu yake haikulingana na ile ya kibati kilichofungwa kwenye roli. Tulikuwa tumeshalipa malipo ya awali na tulirudishiwa sehemu tu. Iliniuma, lakini afadhali hasara ile. Tuliagiza nje, tukasubiri, na roli ilipofika nililinganisha kibati na cheti kabla haijashushwa kwenye gari.

Wakati tunasubiri, tulifungua makapi. Hapa naomba niwasihi wenzangu kuhusu rangi. Ukaguzi ukikaribia, kila meli inapakwa rangi, na vijana wanapakwa hamasa ya kupaka kila kitu. Nipo za deviti yetu, yaani vichuchu vya kuingizia grisi, zilikuwa zimezibwa na rangi tabaka kwa tabaka, grisi haikupita kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuutaja. Pini moja ilikuwa imeganda, kapi halizunguki tena, na waya ulikuwa ukipita juu yake kwa kusugua mpaka umechimba mfereji kwenye chuma. Kipimo chake ni rahisi na hakina gharama: chora mstari wa chaki ubavuni mwa kila kapi, isogeze boti kidogo, kisha angalia mistari. Waya umepita na mstari upo palepale, kapi hilo limekufa. Sisi tuligundua matatu. Swichi za kikomo nazo, zile zinazokata umeme kabla mikono ya deviti haijagonga mwisho wa njia yake, moja ilikuwa imepakwa rangi hadi haibonyei. Swichi ile isipokata, winchi inaendelea kuvuta mikono iliyokwisha kufika, na nguvu yote inaishia kwenye waya. Tangu siku hiyo fundi umeme wetu anazibonyeza kwa mkono, moja baada ya nyingine, kabla boti haijapandishwa.

Sasa tuje kwa fundi mwenyewe. Ukaguzi wa kila wiki na kila mwezi mnafanya wenyewe melini chini ya afisa. Lakini tangu tarehe 1 Januari 2020 ukaguzi wa kina wa kila mwaka, na ule mkubwa wa kila miaka 5, unafanywa na watu wenye idhini, ama wa mtengenezaji au kampuni iliyoruhusiwa kwa aina hiyo ya kifaa. Kwa deviti za aina yetu tulilazimika kumleta fundi kutoka nje. Tiketi, hoteli, kibali cha kufanya kazi nchini na posho za siku za kusubiri vilizidi bei ya nyaya zote nne. Kilichotusaidia ni kupiga simu kwa kampuni nyingine zenye deviti za aina moja na yetu. Moja ilikubali tugawane nauli, naye fundi akahudumia meli mbili kwa safari moja. Ukiwa na muda, uliza hivyo kwanza. Ukichelewa, utalipa bei ya mtu aliyechelewa. Na omba mapema TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa meli nchini, wakueleze mpimaji wao anataka kushuhudia hatua gani, ili usifanye jaribio zito halafu ukaambiwa urudie.

Fundi alifika, akaniomba jambo ambalo sikulitarajia: tuishushe boti ya kulia majini, tuisogeze pembeni, tuache deviti tupu. Badala ya boti tukaning'iniza mifuko mikubwa, tukaijaza maji, huku mizani iliyofungwa juu yake ikionyesha uzito. Kiwandani deviti ilipimwa ikiwa imesimama kwa mara 2.2 ya mzigo wake. Hatuna haja ya kurudia hilo. Kipimo cha miaka 5 ni mara 1.1, lakini kwa mwendo: mzigo unaachiwa ushuke hadi ufikie kasi yake kubwa, kisha breki inakamatwa ghafla.

Ieleweke kwamba deviti hizi hazitegemei umeme kushusha. Meli inaweza kuwa imezimika na imelala nyuzi 20 upande mmoja, na boti bado inatakiwa ishuke. Mtu ananyanyua mkono wa breki wenye jiwe la chuma, uzito wa boti unafanya kazi, na breki nyingine ya ndani inazuia kasi isipitilize. Ukiuachia mkono, jiwe linaanguka lenyewe na kufunga. Kasi nayo ina hesabu yake: ikiwa imejaa watu, boti isishuke chini ya mita 0.4 kwa sekunde, ukiongeza 0.02 kwa kila mita ya kimo kutoka kichwa cha deviti hadi majini. Yetu ni mita 8, kwa hiyo ni mita 0.56 kwa sekunde. Wapo wanaodhani taratibu ndiyo salama. Boti inayoteremka taratibu kando ya meli inayoyumba inagongwa ubavuni kila mara meli inaporudi.

Mzigo ulipoachiwa niliona mifuko inashuka, nikasikia winchi inalia, fundi akaangusha jiwe. Maji yakaruka. Mzigo haukusimama. Uliteremka tena, polepole, kama urefu wa mkono, ndipo ukashika, na harufu ya kitu kilichoungua ikatoka kwenye winchi. Hakuna aliyesema neno. Fundi alifungua breki mbele yetu: sili ya giaboksi ilikuwa inavuja, na mafuta yalikuwa yameingia kwenye bitana za breki. Kwa boti tupu ya mazoezi ya kila mwezi, breki ile ilikuwa inashika bila shida na kila mtu alikuwa ameridhika nayo. Ingesubiri siku boti imejaa.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nawafikiria vijana waliokuwa wakiketi ndani ya boti ile kila mazoezi, wakicheka, nami nikitia saini kwenye kitabu kwamba zoezi limefanyika.

Kubadilisha bitana na sili kulituongezea siku gatini. Mteja wetu wa saruji ya Comoro alihamia meli nyingine, mishahara ikaendelea, gati nalo linalipiwa. Anayepanga bajeti ya deviti aweke fungu la kitu kitakachopatikana baada ya kufungua, kwa sababu kitapatikana. Tuliporudia jaribio, fundi alichora mstari wa chaki kwenye dramu la winchi. Jiwe lilipoanguka mzigo ulisimama palepale, na dakika kadhaa baadaye mstari ulikuwa haujasogea.

Nyaya mpya zilipovishwa tulijifunza jingine: kama hazilingani urefu kikamilifu, boti inaning'inia imeinamisha omo (mbele) au tezi (nyuma), na kulabu moja inagusa maji kabla ya nyingine. Pimeni zote mbili zikiwa zimenyooshwa chini, si kwa kuhesabu mizunguko kwenye dramu. Baada ya boti kushushwa na kupandishwa mara chache, pimeni upya, maana waya mpya hunyooka.

Siku ya kushusha boti bandarini tuliomba ruhusa mapema kwa waongozaji wa meli, tukachagua saa ambayo maji yamesimama kati ya kujaa na kupwa. Wanaoujua mlango wa bandari ya Dar wanafahamu mkondo unavyokimbia siku za bamvua, na pantoni za Kigamboni hazisubiri mtu. Kila moja ikipita inaacha mawimbi yanayofika hadi ubavuni kwako. Boti ilishuka tupu kwanza hadi majini, ikapanda tupu. Ikashuka tena. Baada ya hapo ndipo waliingia watu, wale tu wa kuiendesha. Msikubali kujaza watu kwa ajili ya picha.

Kwenye kulabu tulifunga mikanda ya kuzuia, ili kulabu ikifunguka kwa bahati mbaya boti isianguke. Mikanda hiyo iwe ya nailoni yenye nguvu iliyothibitishwa. Mnyororo au kipande cha waya havifai, kwa sababu havinyonyi mshtuko. Na awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuifungua kabla kulabu hazijaachiwa, naye atamke kwa sauti kwamba ameifungua.

Kushusha kulikuwa rahisi kuliko kupandisha. Boti ikirudi, kamba ya omo ishikwe na watu wa sitahani kwanza ili isisogee mbele wala nyuma. Kulabu zote mbili zishike, kila mtu aonyeshe kidole gumba, boti inyanyuliwe kidogo tu nje ya maji na isimame, waangalie kama kulabu zimefunga na kishikizo kimerudi sehemu yake. Afisa wetu kijana alitaka kuvuta moja kwa moja kwa sababu pantoni ilikuwa inakuja. Serahangi aliweka mkono juu ya swichi. "Mwanangu, acha ipite kwanza." Tukasubiri, mawimbi yakapita, wakaikagua tena kulabu ya nyuma, na kweli kishikizo chake kilikuwa hakijakaa sawasawa.

Kipande cha mwisho, mikono ikikaribia kukaa, kinamaliziwa kwa mpini wa kuzungusha. Umeme wa winchi uzimwe kabisa kabla mpini haujachomekwa, na mpini utolewe kabla mtu hajagusa breki. Ukisahau, mpini unazunguka kwa nguvu ya boti nzima, na mkono wa mtu uko hapo.

Cheti tumepata. Mazoezi ya kila mwezi sasa yanaanza na kuzunguka deviti kwa chaki na tambara kabla ya mtu yeyote kuvaa jaketi la kuokolea, na kila baada ya miezi mitatu boti inaingia majini na kuendeshwa kama kanuni inavyotaka. Brashi za rangi zimepigwa marufuku karibu na nipo. Serahangi anazifunika kwa mkanda wa karatasi kabla vijana hawajaanza. Iliyobaki ni deviti ya mkono mmoja ya boti ya uokoaji. Bomba lake la haidroliki limeanza kutoa jasho kwenye maungio, nalo tumeshaagiza, safari hii cheti kikiwa bado na miezi ya kutosha mbele yake.